Odessa Achagua Chuo cha Sheria

Odessa Trimble alikuwa karani wa mahakama mjini Dayton. Kila siku aliwaona mawakili wanaotetea watu wasio na uwezo, akatamani kuwa mmoja wao. Akaomba nafasi, na vyuo viwili vya sheria vikamkubali. Kimoja, cha mbali, kilisifika nchi nzima, lakini wanafunzi walipimwa kwa kushindanishwa. Hata wote wakifaulu vizuri, lazima baadhi washushwe alama. Cha pili, cha jimboni kwao, hakikuvuma, ila kila mtu alipata alama alizozitolea jasho.

Usingizi ukampaa. Mwishowe akamfuata mkuu wa wale mawakili wa wasio na uwezo kwenye korido ya mahakama.

"Bi Haverkamp, ukiajiri unaangalia chuo?"

Mama yule akacheka. "Mimi nimesoma hapahapa jimboni, na nusu ya ofisi yangu vilevile. Nenda utakakosoma na kulala usingizi. Ukimaliza, njoo unione."

Siku hiyohiyo Odessa akachagua chuo cha jimboni. Jioni akampigia simu baba yake, Vernon, mpenda majina makubwa, akamweleza.

"Kwa hiyo kanisani sitaringa?" mzee akalalamika.

"Utaringa, baba. Mwanao atakuwa wakili, tena jirani yako."

"Haya, njoo tule. Kuku bado wa moto."