Pindo Arudishiwa Mkasi

Pindo ni fundi cherehani mwenye maneno mengi, lakini ukimsifia suruali atakwambia ukamshukuru Mama Fundi, mwenye karakana, na mdogo wake huyo mama, maana yeye kazi yake ni kushika sindano tu. Wanaomjua hawashangai. Waasi walimchukua akiwa mtoto mdogo, wakambebesha bunduki iliyomzidi kimo. Alipotoka huko msituni, hata majirani walimkwepa. Shangazi yake alibisha hodi kila karakana mjini akimtafutia kazi, wakamfungia milango. Mama Fundi peke yake ndiye aliyesema, "Haya, mlete tumwone."

Akapewa kazi ya kukunja pindo za nguo, jina likamganda. Mkono wake ulikuwa mzuri, basi akakabidhiwa na mkasi.

Siku moja alikuwa anapunguza gauni la bibi harusi. Mdogo wake Mama Fundi, binti mcheshi asiyejua kunyamaza, siku hiyo akanyamaza. Alimnyatia kwa nyuma akamgusa bega, utani tu. Kufumba na kufumbua Pindo alikuwa amegeuka, kamkaba, ncha ya mkasi iko shingoni mwa dada wa watu. Cherehani zote zikasimama. Alipomtambua, aliuachia mkasi ukaanguka, akatoka mbio.

"Umeniua, mwanangu," shangazi alilia. "Nani mwingine atakupokea sasa?"

Kesho yake akamkokota mpaka karakanani.

"Shikamoo, Mama Fundi," Pindo alisema. "Nimekuja kuomba msamaha."

"Marahaba. Msamaha muombe mwenye shingo."

Binti akainuka. Safari hii hakuwa na mzaha.

"Nilikosea kukunyatia, kaka. Na wewe ulinitisha, roho ilitaka kuniruka. Kuanzia leo, anayepita nyuma yako atasema anapita. Sawa jamani?"

Wenzake wakaitikia. Kwenye kizingiti, shangazi alishukuru kwa sauti, machozi yakimtoka, akimshika mikono kila aliyekuwa karibu, hata mteja aliyefuata kaptura yake.

Binti akauchukua mkasi ule ule, akamwekea Pindo mkononi. Kisha akavuta kiti chake, akakaa mbele yake akiwa amempa mgongo, nywele kazibana juu, shingo wazi.

"Na hilo gauni je? Litajipunguza lenyewe?"

Pindo akalivuta gauni, akalipima mara mbili, ndipo akakata. Binti alishona, wala hakugeuka kumtazama.