Siku Nilipomwamuru Baba Mkwe Kwa Kiingereza

Chekeni tu, maana mimi mwenyewe nikiikumbuka siku ile najifunika uso kwa mto, na haya yote nilijitakia kwa mdomo wangu.

Tulikuwa tumeenda kwa kina Kavira, kule Katindo, mimi na baba yangu mdogo, tukiwa na kreti ya soda na mbuzi mkaidi, kuomba kwa baba yake nikubaliwe kumwoa. Kwa desturi kijana anayeposa anakaa kimya, wazee ndio wanaoongea, nami nilikaa kimya kweli (nilijikaza!), mpaka mzee alipomwuliza baba mdogo, "Na huyu mutoto alisoma?" Nikaona nafasi hiyo ikinipita Kavira ataolewa na mwingine, nikaamua kujibu mwenyewe, tena kwa Kiingereza.

Shida ni kwamba masomo yangu ya jioni ya Kiingereza, pale mtaa wa Murara, yalikuwa machanga, na tulikuwa tumefundishwa vitenzi vya kuamuru, kushauri, kukataza na kuonya tu. Lakini nikajiambia, mzee mfanyabiashara wa Butembo Kiingereza atakijulia wapi? Atasikia utamu wa sauti, basi. Nikasimama, nikaweka mkono kifuani, nikamwambia kwa Kiingereza, kwa upole kabisa, kwamba namwamuru akae chini. (Alikuwa amekaa tayari.)

Baba mdogo akapiga makofi. "Ongeza, mutoto yangu!"

Kichwa kikavimba, nikaongeza: namshauri afunge mdomo, namkataza kula nyama, namwonya kwa mara ya mwisho. Sebule nzima ikashangilia, mama yake Kavira akapiga vigelegele, ila mzee akaweka soda yake chini.

Kisha akanijibu kwa Kiingereza kinachotiririka, halafu akawageukia wengine akawatafsiria moja moja kila nililosema.

"Nilifanyaka biashara Kampala myaka mingi, mutoto yangu," akasema. "Sasa nyama nikule ao nisikule?"

Jamani! Jasho likanitoka mpaka kwenye soksi, baba mdogo akaanza kukagua viatu vyake, na Kavira, aliyekuwa anaingia na sahani ya sombe, yaani kisamvu, akasimama mlangoni machozi yakimlengalenga. Hapo ndipo nilipoogopa kweli, kwa sababu nampenda yule msichana. Nikapiga magoti.

"Papa, munisamehe. Najua ile maneno tu. Nilitaka munione niko mutu ya kufaa kwa Kavira."

Mzee akamtazama binti yake, akatamka sentensi fupi ya Kiingereza yenye kitenzi nisichokijua, nami nikainamisha kichwa nikiamini nimefukuzwa.

"Kwa hii neno mwalimu yako hayafika bado?" akauliza, tumbo likimtikisika kwa kicheko. "Ni kuruhusu. Nakuruhusu umuoe. Lakini nakukataza kuongea tena leo!"

Kavira akacheka huku anafuta machozi, na mzee akajipakulia nyama.

Harusi inakaribia, na nimeapa: siku hiyo nitafungua mdomo mara moja tu, kusema ndiyo, tena kwa Kiswahili.