Linux Yangu Ilipopata Sauti

Cheka tu, mimi mwenyewe nimeshajicheka. Wakati ule wa vita, hapa Bukavu, mimi ndiye nilikuwa mtu wa ordinateur, yaani kompyuta, katika ofisi yetu. Nilifuta mfumo wa zamani nikaweka Linux, ile ya bure, nikajisifu mpaka sokoni Nyawera. Kasoro ilikuwa moja: haikutoa sauti.

Asubuhi moja nilijaribu tena, kwa mlio wa masasi, yaani risasi, wa mchezo fulani wa kompyuta. Nikabonyeza, kimya. Nikafungua spika mpaka mwisho, nikabonyeza tena na tena kwa hasira. Kimya. Ingeniambia tu "ngoja kwanza" ningeelewa, lakini ile inanuna kama mukwe.

Mara akaingia komanda wa waasi na walinzi wake, kuangalia kama vyombo vyetu vinasaidia adui. Papa directeur, mkubwa wa ofisi yetu, akanileta mbele.

"Hii mashini iko ya amani tu, komanda. Wewe, muonyeshe."

Nikafunga programu moja iliyokwama, skrini iwe safi. Kumbe ndiyo iliyoziba sauti, na masasi yangu yote yalikuwa yamepanga foleni nyuma yake. Yakatoka mfululizo.

Bukavu hakuna anayehitaji kufundishwa kulala chini masasi yakilia. Walinzi walilala, directeur akalala, maman sekretere, karani wake, akamlalia komanda mgongoni. Mimi fundi nilikuwa wa kwanza chini ya meza.

"Nani iko anapiga?" komanda akanong'ona.

Wote wakanitazama.

"Ni ile mashini ya amani, komanda," nikamjibu.