Mtoto Aliyeitwa Mama

Siku yangu ya kwanza kazini, shefu wetu, yaani mkuu wa huduma ya jamii, alinipeleka kwa miguu hadi shule moja ya mtaa wa Kapata, katikati ya zile nyumba za kampuni ya mgodi zinazofanana, akaniambia: "Mama, kazi yetu ni ankete. Usiulize mutoto mbele ya darasa. Enda kwabo, ikala chini, angaria." Ankete ni hiyo: kumtembelea mtoto mgumu kwao na kuona kwa macho nani anamlisha, nani anamkemea na nani anamwogopa. Nilikuwa msichana bado, nikadhani ni kazi ya kunywa chai kwa watu.

Baadaye walinihamishia hospitali, kisha mahakama ya watoto. Huko ndiko nilikopata hasira ambayo haijaniisha mpaka leo. Watoto waliofukuzwa shule kwa kupiga wenzao niliwakuta hospitali wakiwa vijana, wakishonwa majeraha waliyopata kwa kugombania mashimo ya kuchimba madini upande wa mgodi wa Mashamba. Nikawakuta tena mbele ya hakimu, mwanamke mkavu aliyewajua kwa majina. "Huyu tena?" alizoea kusema. Polisi, daktari, mlinzi wa gereza, wote hulipwa na Leta, yaani Serikali, yaani mimi na wewe.

Niliomba kurudishwa shuleni. Wenzangu walinicheka, maana mahakamani nilikuwa na feni.

Nilimkuta Kalenga, msichana wa darasa la pili. Alikuwa akiuma wenzake, amevunja dirisha, amemtemea mwalimu mate. Mkuu wa shule, Direkta, alikuwa amechoka naye.

"Leo anatoka, Mama. Batoto bengine nabo beko na bazazi."

"Direkta, akitoka leo hatapotea. Atapita ku mashimo, atapita ku hopitali, atafika ku tribinali. Kote kule ni Leta njo itamulipia. Unipatie mpaka Pasaka."

"Mpaka Pasaka. Kisha ni weye mwenyewe utamufukuza."

Nikaenda kwao. Baba yake, dereva wa mitambo mgodini, aliinuka akampisha mtoto kiti! Kalenga alipewa jina la mama mzazi wa baba huyo, na kwa desturi yetu mtoto wa namna hiyo baba humwita "mama". Wengi hufanya hivyo kwa mapenzi tu, na jioni mtoto anaosha sahani kama kawaida. Huyu alizidisha.

"Namna gani mi nimuambie mama yangu hapana?" aliniuliza, na hakuwa anatania.

Niliona wa kulifungua fundo hilo ni mwenye jina mwenyewe. Bibi alikaa mbali, Musumba, na ilikuwa msimu wa matope. Nilimsumbua mfanyabiashara mmoja Mwislamu mwenye malori mpaka akakubali kumleta. Bibi alishuka kutoka juu ya magunia ya mahindi, tope tupu, na hata maji hakunywa. Alimshika Kalenga mkono.

"Hii jina ni yangu. Mi siumaka batu." Kisha akamgeukia mwanawe. "Na weye, mama yako ni miye. Huyu ni mutoto yako. Umulee!"

Baba akainamisha kichwa. Nilijikaza nisicheke.

Kalenga hakubadilika siku moja. Bibi aliketi darasani, kiti cha nyuma, kila asubuhi, nami nilikwenda jioni kumfundisha baba kukataa. Aliona haya, lakini alijifunza. Pasaka ilipofika Direkta alisimama mlangoni, akakuta darasa linasoma na Kalenga anasoma nalo, akaenda zake. Nilifurahi mpaka nikalia.

Siku ya kustaafu kwangu, shefu mpya alitaka kuifuta nafasi yangu. "Hopitali inaonyesha bagonjwa yake, Mama. Weye utatuonyesha nini?"

Ninyi mnaoingia kazi hii mtaulizwa hivyo hivyo, na msinyamaze. Kalenga wakati huo alikuwa fundi wa kushona pale Kapata, na wateja wake wakimlalamikia kuchelewesha nguo. Nikamwambia shefu ampigie simu yule hakimu wa watoto, amuulize kuhusu Kalenga wa Kapata. Alipiga mbele yangu, sauti ikisikika chumba kizima.

Tulimsikia hakimu akiwataja kwa majina watoto wa Kapata aliowahi kuwahukumu.

"Kalenga?" akasema. "Kalenga gani?"