Shanga Ndani ya Tairi

Pikipiki yangu ilianza kutikisika karibu na Sumbawanga, nikaingia kwa fundi wa kwanza niliyemwona. Alizungusha gurudumu, akaliwekea kiganja, akafumba macho, akarudia. Vipande vya madini ya risasi vya kusawazisha ringi vilikuwa vimedondoka njiani.

“Nikuwekee shanga za kioo ndani ya tairi, kaka. Likizunguka, zitajipanga zenyewe kulisawazisha.”

“Nateremka bondeni Mtowisa, fundi. Zikinitupa korongoni?”

Jirani yake, mshona viatu, akacheka. “Mwenyewe hajawahi kuzijaribu huyo!”

Fundi alibandua tairi upande mmoja. Alimimina shanga, akajaza upepo, akazungusha tena, kiganja palepale, macho yamefumbwa. Kisha akavua saa yake, akampa jirani amtunzie, naye akaipokea bila kucheka. Akawasha pikipiki yangu, akashika njia ya mteremko kuzijaribu mwenyewe. Mimi nikabaki nimekalia kigoda chake.