Spika za Kumfikia Kingori

Muriithi wa Gatimu alikuwa mtu mpole. Majirani zake wa Othaya walisema hivyo kanisani na hata kwenye kituo cha kuuzia majani ya chai, na hawakukosea, kwa maana mtu mwenye kinyongo cha kutosha hana haja ya kelele. Chake alikilea mwaka mzima kama vile watu wanavyolea fahali wa maonyesho, kwa mkono wake mwenyewe na kwa majani ya kuchagua.

Kilizaliwa siku ya pili ya Krismasi, mwaka wa 1985, sebuleni kwa Kingori. Huyu Kingori alikuwa na duka la jumla na nyumba ng'ambo ya mto, na ndiye wa kwanza upande ule kuleta video, televisheni ya rangi na makochi yaliyovishwa vitambaa vya kufuma. Aliwaalika majirani waje waone picha ya karate. Muriithi alioga, akavaa koti, akaenda akakaa kwenye kochi. Kingori akamtazama kama mtu aliyekuta kuku amesimama juu ya meza.

"Muriithi, hapo ni pa wazee wa kanisa. Wewe enda nyuma, kuna gunia ya viazi. Iko laini."

Watu wakacheka. Muriithi akaenda akakalia gunia.

Televisheni ya Kingori ilikuwa na rangi nyingi na sauti ya mgonjwa wa kifua, na huko nyuma hakikufika kitu. Ndani ya picha mlikuwa na mpishi mnene aliyejisifu sana kisha akatumbukia ndani ya pipa la supu. Makochi yakaangua kicheko. Muriithi, ambaye kichwa cha mzee wa kanisa kilikuwa kimelifunika pipa lote, akaona ni adabu naye acheke. Akacheka, wakati ambapo kila mtu alikuwa amekwisha kunyamaza.

Kingori akageuka. "Sikizeni huyu! Ati anacheka na basi ya jioni!"

Jina la Basi likashika kama kupe. Karani wa chai akawa anamwita, "Basi, leta kikapu." Mhubiri akitia mzaha katika mahubiri, waumini waligeuka kumtazama Muriithi, wakimpa muda. Kufikia Pasaka binti yake Ngendo alirudi kutoka shuleni akauliza, "Baba, kwa nini unaitwa Basi?"

Mtenda husahau, mtendewa hasahau. Kingori alisahau kabla viazi havijaisha guniani. Muriithi, kwa upande wake, alitaka jambo moja tu duniani: Kingori acheke baada yake, na watu waone.

Bonasi ya chai, yale malipo ya ziada ya mwaka, ilipotoka, Watiri mkewe alikuwa na mawazo mengine.

"Baba Ngendo, si tulisema hii mwaka ni tangi ya maji?"

"Tangi itakuja."

"Itakuja na basi gani?"

Jina lilikuwa limeingia. Hata ndani ya nyumba yake.

Kwa Gaudencia, mwalimu aliyepewa uhamisho wa kurudi kwao Busia, alinunua video na televisheni ndogo ya rangi mbili, nyeusi na nyeupe. Picha yake ilikuwa na tabia ya kuteremka polepole, hivi kwamba kila mtu aliyeonekana humo alikuwa kama anapanda mlima. Muriithi hakujali. Alikuwa ameumizwa kwa upande wa masikio, na dawa angeitafuta upande huo huo. Alisafisha stoo ya mbao iliyokuwa ubavuni mwa nyumba, akapanga mabenchi, akatoa magunia yote ya viazi isipokuwa moja. Hilo aliliweka nyuma kabisa, akalipangusa vumbi.

Kilichobaki cha bonasi alikipeleka Nyeri mjini, kwenye duka la spika.

Aliyemhudumia aliitwa Nehemiah Wandera, mtu wa tai na maneno matamu. Kwanza alimletea visanduku viwili vya mbao vilivyofunikwa kitambaa. "Hizi ndizo za nyumba, mzee. Sauti yake ni kama mtu anakuongelesha kwa sikio."

"Sitaki kuongeleshwa kwa sikio."

Akamwonyesha sanduku moja kubwa kama kabati. Lilipopigwa, vikombe vya ofisini vikalia na Muriithi akalihisi tumboni. Alilipenda. Akauliza bei, akaacha kulipenda.

Pembeni, juu ya kreti za soda, kulikuwa na spika mbili za bati zenye midomo kama tarumbeta, za aina ile ambayo wahubiri hutundika mtini siku ya soko.

"Na hizo?"

"Hizo ni za nje." Nehemiah akamkagua. "Kwani chumba yako ni kubwa aje?"

Muriithi alifikiri kwa uaminifu. "Kuna chai, halafu mto, halafu chai tena, halafu mlango ya Kingori."

"Mzee, hiyo si chumba. Hiyo ni lokesheni nzima, na chifu wake."

"Akisikia atakuja."

"Ukiweka hizi ndani ya nyumba zitakutoa wewe."

"Na yeye?"

"Yeye atasikia hata kama amekufa."

"Nifungie hizo."

Nehemiah alikuwa muuzaji, si kasisi. Akazifunga pamoja na amplifaya yake, na kwa kuwa mhubiri aliyeziuza alikuwa ameacha pia maikrofoni, akaitia humo bure.

Wala tusimcheke Muriithi upesi. Katika nchi ile ya vilima na mabonde, kitu husemekana kina sauti kikisikika mgongo wa pili wa kilima. Fahali hupimwa hivyo, na mhubiri pia, na hata mama anayeita watoto. Muriithi hakuona kwa nini spika ipimwe vinginevyo.

Siku ya pili ya Krismasi ikafika tena. Muriithi alikuwa amekodi Nyeri kaseti ya picha ile ile ya karate, kwa sababu kisasi kizuri hakibadilishi viungo. Majirani wakaja baada ya chakula cha mchana, wakajaza mabenchi. Kingori hakuja. Muriithi akazielekeza tarumbeta mbili katikati ya chumba, akabonyeza.

Teke la kwanza lilipolia, mzee Simeon wa kanisa alishika kofia kwa mikono miwili kana kwamba kuna upepo. La pili liliwaamsha watoto wote waliokuwa mgongoni, na waliokuwa tayari macho wakajuta. Wageni walijitahidi kuwa na adabu kwa muda wa wimbo wa mwanzo. Kisha Wacera, jirani wa juu, akakumbuka ng'ombe. Simeon naye akakumbuka ng'ombe, ingawa hakuwa na ng'ombe.

Walisimama uani kwanza. Hapo nafuu kidogo. Wakashuka hadi kwenye chai, na huko maneno yakaanza kutambulika. Darajani sauti ilikuwa tamu. Kila walivyoshuka na kupanda upande wa pili ndivyo ilivyozidi kupendeza, mpaka walipofika uani kwa Kingori, ambako ilikuwa barabara kabisa, kama vile chumba cha Muriithi kimejengwa pale.

Kingori alikuwa mfanyabiashara, na mfanyabiashara haulizi mvua imetumwa na nani. Alikuwa na kaseti yake ya picha hiyo. Aliitoa televisheni hadi barazani, akaizima sauti yake ya kikohozi, akarudisha mkanda mwanzo, akatega sikio. Ng'ambo, Muriithi naye alikuwa ameanza upya kwa matumaini. Ngoma za mwanzo zilipovuma bondeni, Kingori akabonyeza. Watu wakakaa kwenye nyasi, wakatazama rangi za Kingori kwa sauti ya Muriithi.

Stooni walibaki wawili, kila mmoja na pamba masikioni.

"Tangi saa hii ingekuwa imejaa!" Watiri alipiga kelele.

Muriithi alikuwa dirishani, akitazama wageni wake wakigeuka wageni wa mtu mwingine. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyechimba kisima akatoa maji shambani kwa jirani. Akageukia televisheni: mpishi mnene akajisifu, akatumbukia kwenye pipa, akatoka, akajifuta ndevu, na tarumbeta zikatulia kidogo. Ndipo kicheko kilipokuja kutoka ng'ambo. Na ndani yake kulikuwa na kicheko cha Kingori, ambacho kila mtu alikijua, kwa kuwa kilikuwa kama gari linalokataa kuwaka.

Muriithi akatoa pamba.

Mkanda wa Kingori ulikuwa umeanza baada ya wake, kwa hiyo ulimfuata nyuma kama ndama.

"Mama Ngendo, umesikia? Amecheka na basi ya jioni!"

"Nisikie nini na hii makelele?"

Hapo ndipo palipokuwa na shida. Kisasi kisicho na mashahidi ni mawazo tu. Muriithi akasubiri. Pigano la mwisho likafika, mwalimu mzee akainua mguu wa kumuua mwovu. Muriithi akaisimamisha video. Kimya.

Ng'ambo watu wakaona mguu ukienda bila kishindo, midomo ikifunguka bila neno. "Washa!" wakapaza. "Muriithi, washa!"

Muriithi akatoka uani, akaweka kiganja sikioni. "Ati nini?"

"Mwambie wewe, Mzee Kingori," Wacera akasema. "Si ni jirani yako?"

Kingori akasimamisha picha, akaenda ukingoni mwa chai yake. "Muriithi! Tafadhali, rudisha sauti!"

Muriithi aliingia ndani, akaigeuza tarumbeta moja kuelekea dirishani, akashika maikrofoni. Jibu lake lilisikika kwa kila mtu aliyekuwa na sikio kati ya pale na soko.

"Kingori. Mpishi alianguka kitambo. Mimi nimeona akijifuta, ndiyo wewe unacheka. Ulikuja na basi gani?"

Maneno yakavuka mto. Halafu uani kwa Kingori Wacera akaangua kicheko, Simeon akafuata, na nyasi zote zikacheka. Hicho hakikuchelewa hata kidogo.

"Kama unataka kusikia mwisho," tarumbeta ikaendelea kwa upole, "kuja huku. Kuna gunia ya viazi. Iko laini."

Hawakumwacha apumue. "Enda, Mzee Kingori! Tumalize picha!" Mwenye duka hagombani na wateja wote siku moja. Akashuka kati ya chai, akavuka daraja, akapanda, huku watu nyuma yake wakimhesabia vituo kama makanga wa basi. Muriithi akamwonyesha gunia. Akaurudisha mkanda mwanzo kabisa, akazigeuza tarumbeta mbili kuelekea nyuma, akafunga mlango, akarudisha pamba zake masikioni.

Kingori aliiona picha yote.

Wiki nzima baada ya hapo masikio ya Kingori yalivuma; mteja akitia mzaha dukani, Kingori alimkazia macho, akasita, akacheka mteja akiwa tayari barabarani. Muriithi alikwenda dukani kila siku kununua chumvi, na kila siku alikuwa na mzaha. Watiri alipata chumvi ya miaka miwili, na maji akaendelea kuyateka mtoni.