Msiba Nilioweka Uhispania

Nimeshajicheka mwenyewe, sasa nichekeni na nyinyi. Enzi hizi za ruksa hata binti wa Mpwapwa anapata pasipoti, basi chuo kikanipeleka Uhispania kwa mafunzo ya vitendo ya ustawi wa jamii. Kihispania changu kilikuwa cha salamu tu.

Siku ya kwanza nikatumwa kumtembelea bibi mmoja mgonjwa, saa nane mchana. Maduka yote yamefungwa, mtaa kimya. Mwanawe, mama wa makamo, akanifungulia akiwa na gauni jeusi, kidole kwenye midomo, kwamba nisipige kelele. Akanionyesha chumba cha bibi, kisha akaenda chumbani kwake akajifungia.

Nikachungulia: bibi kalala chali, hatikisiki. Nikajua hatunaye. Na jirani hata mmoja hajafika! Nikajifunga kanga kiunoni, nikatoa makochi yote nje ili waombolezaji wakae chini, nikabandika sufuria kubwa ya chai. Kisha nikaangua kilio, kile chetu cha Kigogo.

Mwanawe akatoka mbio, macho yamevimba kwa usingizi. Kumbe kule mji mzima hulala mchana! Nyuma yake akaja marehemu na gauni la kulalia. Akatazama sebule tupu, akatazama makochi yake barabarani, akauliza swali ambalo hata mimi nililielewa:

“Mwanangu, tunahamia wapi?”